Steringi Hafi? Kweli na Uongo Kuhusu Filamu za Giza

Umeshaziona, hata kama hukujua zinaitwaje: kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, moshi wa sigara, kivuli cha pazia kimemchora mtu mistari usoni, na mwanamke anatabasamu wakati hakuna cha kuchekesha. Wafaransa waliziita film noir. Sisi tuziite filamu za giza. Na maneno yanayosemwa juu yake umeyasikia pia, iwe kwenye kibanda umiza au barazani. Haya, tuyapime.

"Steringi hafi."

Uongo, tena wa mchana. Katika Sunset Boulevard (1950) ya Billy Wilder, steringi tunamkuta ameshakufa, anaelea kwenye bwawa la kuogelea, na ndiye anayetusimulia hadithi nzima. Katika Double Indemnity (1944), ya mwongozaji huyohuyo, wakala wa bima anakiri mauaji dakika za mwanzo tu, huku ana risasi mwilini. Hapo huulizi kama atapona. Unakaa kutazama alivyojichimbia kaburi.

"Ni mali ya Hollywood, jina na kila kitu."

Uongo. Jina alilipa umaarufu mhakiki wa Kifaransa, Nino Frank, mwaka 1946, pale filamu za Marekani zilizokuwa zimezuiwa na vita zilipoingia Paris kwa mkupuo. Hata kabla ya vita, magazeti ya Ufaransa yalishalitumia kwa filamu za kwao. Waliozitengeneza kule Marekani walisema tu melodrama, au filamu za uhalifu. Na watengenezaji wenyewe ni akina nani? Wilder, Fritz Lang, Robert Siodmak: watu waliotoka Vienna na Berlin wakiukimbia Unazi, na ufundi wa vivuli waliouona Ujerumani wakaja nao.

"Giza lile ni umaskini tu, hawakuwa na hela ya taa."

Nusu kweli. Wakati wa vita serikali ya Marekani iliweka kikomo cha dola 5,000 kwa vifaa vipya vya kujengea mandhari ya kila filamu, na kivuli kinasitiri ukuta usiokuwepo. Katika Detour (1945) ya Edgar Ulmer, New York nzima ni ukungu na taa za barabarani. Lakini Double Indemnity ilikuwa ya Paramount, kampuni isiyokosa taa. Mpigapicha wake, John Seitz, alirusha chembe za alumini hewani ili miale ya jua ionekane imejaa vumbi. Giza la namna ile linatafutwa kwa jasho. Na ukiambiwa Detour ilipigwa kwa siku sita, kama Ulmer mwenyewe alivyopenda kusimulia, cheka kidogo kisha uendelee na chai yako: hesabu za studio zinaonyesha ilitumia zaidi ya dola 100,000, na hizo si hela za siku sita.

"Lazima iwe nyeusi na nyeupe."

Uongo. Leave Her to Heaven (1945) ina rangi za kung'aa, na rangi hizo ziliipatia Oscar. Mwanamke mwenye miwani ya jua anakaa kwenye mtumbwi, mchana kweupe, akimtazama kijana akizama ziwani. Hanyanyui hata kasia.

"Siku za mwizi arobaini."

Kweli, wazee hawakukosea. Ila Hollywood arobaini hiyo ilikuwa sheria. Tangu 1934 studio zilikuwa na ofisi yao ya ukaguzi, na hakuna mhalifu aliyeruhusiwa kutoka salama. Hadithi ya Double Indemnity ilikataliwa mwaka 1935, ikasubiri miaka. Detour inafungwa na gari la polisi linalotokea bila kuitwa, na ukiitazama leo unaiona kabisa alama ya kiraka. Kanuni hizo ziliondolewa 1968. Miaka sita baadaye ikaja Chinatown, ambamo tajiri muuaji anaondoka na alichokitaka mbele ya macho ya polisi. Kwa maoni yangu ndiyo filamu ya giza kuliko zote, na sehemu kubwa yake ni jua la California.

"Ikiwa na nyimbo, hiyo si ya giza."

Uongo. Mwulize aliyeona Gilda (1946), Rita Hayworth anapovua glovu huku muziki unalia. Au nenda Bombay: Guru Dutt alianza uongozaji na Baazi (1951), Dev Anand akiwa mcheza kamari anayenaswa na bosi wa klabu, na nyimbo zinasukuma hadithi badala ya kuisimamisha. Wazee wa Zanzibar na Dar es Salaam waliojaza majumba ya sinema kwa filamu za Kihindi hawakuhitaji mhakiki wa Paris kuwaeleza. Japani nako, Kurosawa katika Stray Dog (1949) alitumia joto: askari kaibiwa bastola kwenye gari la abiria, anaisaka Tokyo nzima akitiririka jasho.

"Hata mwandishi hakumjua muuaji."

Kweli! Wakati wa kutengeneza The Big Sleep (1946) walimuuliza Raymond Chandler aliyeandika riwaya kama dereva mmoja katika hadithi aliuawa au alijiua. Akakiri kwamba hata yeye hajui. Kwa hiyo ukipotea njiani, usijilaumu.

Ukitaka kupima mwenyewe, anza na Detour: haina hakimiliki tena Marekani, inapatikana bure mtandaoni, na ni dakika 68 tu.