Tanga: Mlango wa Bahari wa Kaskazini

Mfugaji wa Endulen, huko juu Ngorongoro, aweza kutuuliza: Bandari ya Tanga yanihusu nini mimi? Yamhusu sana. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Hivyo Tanga ikawa mlango wa bahari wa nchi ya kaskazini.

Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kutokana na michache hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, Muheza na Korogwe, na mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa.

Lakini mkonge haujikati wala haujibebi. Waliokata majani ni manamba, walioletwa kutoka Ubena, Msumbiji, Ruanda na Urundi, mbali na jamaa zao. Waliopakia marobota ni makuli, nao walipitisha mizigo kwa matishari kwa kuwa meli zilitia nanga mbali na pwani. Mwaka 1939 makuli wa Tanga waligoma, na wakubwa wakatambua kwamba mikono ikikunjwa, bandari ni maji matupu.

Kisha nyuzi za nailoni na plastiki zikaingia sokoni. Bei ya mkonge ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yapata tani 20,000 tu. Mashamba mengi yakaota vichaka. Bei hiyo haikupangwa Tanga, kwa maana auzaye singa ghafi hungojea neno la mnunuzi.

Baada ya upanuzi ulioanza mwaka 2019, meli sasa hufunga kwenye gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13. Twaipongeza kazi hiyo. Hata hivyo gati ni mlango tu, na mlango haumshibishi mwenye nyumba. Hatuna budi kuangalia kinachotoka: je, ni robota la singa, au ni kamba, mazulia na magunia yaliyofumwa na wafanyakazi wetu?

Swali hilo ni la mkata mkonge wa Korogwe. Ni la mfugaji wa Endulen pia, kila auzapo ngozi mbichi na kununua viatu.