Povu Lililojaa Hewa Linazimaje Moto?

Msomaji ameniuliza: ikiwa moto hula hewa, kwa nini baadhi ya magari ya zimamoto yana kompresa ya kusukuma hewa ndani ya mpira wa maji? Si ndiyo kuuchochea?

Hesabu kidogo inaondoa hofu. Chumba cha mita nne kwa nne, chenye kimo cha mita tatu, kina lita 48,000 za hewa. Lita moja ya maji ikigeuzwa povu hubeba hewa kama lita tisa tu, tena imefungiwa ndani ya tando za maji. Moto hauihisi. Mengine ya moto na hewa mliyasoma shuleni, nayaruka. Utamu uko kwenye maji.

Lita moja ya maji ya nyuzi 20, ikichemka hadi yote ikawa mvuke, hunyonya jouli zipatazo milioni 2.6, na karibu asilimia 87 ya hizo huliwa na kule kugeuka mvuke. Kwa hiyo maji yaliyogonga ukuta yakateremka sakafuni yakiwa vuguvugu yamefanya kazi ndogo mno. Maji yapo, hayakai.

Mkulima wa nyanya mwenye shamba mteremkoni analijua hili. Akimwaga ndoo shinani, maji yanashuka kwa jirani na udongo unabaki mkavu kidole kimoja chini. Akitandika mipira ya matone, ndoo ileile inashinda shambani kutwa: tone linaingia, udongo unalinywa, ndipo linakuja jingine. Tundu zikiwa kubwa mno, amerudi kwenye ndoo. Zikiziba, miche inanyauka. Sasa chukua shamba hilo, lisimamishe wima, litie moto. Mipira ya matone ni ile mifereji myembamba ambamo tando za viputo hukutana tatu tatu, kwa pembe za nyuzi 120, kama alivyoeleza Mbelgiji Joseph Plateau mwaka 1873. Maji hushuka humo polepole, na mbao hulowa, kwa kuwa dawa ya povu, ambayo mara nyingi haizidi nusu lita kwa lita 100 za maji, imeshalegeza mvutano wa uso wake.

Mimi naliita povu shindiliwa. Mhariri anataka "povu la hewa ya mgandamizo". Tutaona nani atachoka kwanza.

Kinachonifurahisha zaidi ni mpira wenyewe. Hewa inapoingia kwenye maji yenye dawa, viputo huwa vikubwa na vidogo ovyo. Povu la namna hiyo halidumu: kiputo kidogo kina shinikizo kubwa ndani kuliko kikubwa, hivyo hewa yake hupenya utando na kuhamia kwa jirani mnene, ambaye hunenepa hadi akapasuka. Lakini katika safari ya mita 30 hivi ndani ya mpira, msukosuko huvikatakata vile vikubwa hadi vyote vinakaribia kulingana. Hapo hakuna mnyonge wa kumezwa. Viputo vikiwa vya nusu milimita, lita moja ya maji imetandazwa kwenye eneo la mita za mraba zaidi ya 100! Ndiyo maana nozeli yake ni tundu pana, laini. Ile ya kunyunyiza ingevipasua vyote mlangoni.

Idara ya misitu ya Texas, Marekani, ndiyo iliyoupeleka mtambo huu msituni miaka ya 1970, mahali ambapo maji ni ya kubebwa, ikitumia sabuni ya misonobari iliyokuwa mabaki ya viwanda vya karatasi.

Mwendesha pampu huanza na maji, kisha dawa, hewa mwisho. Hewa ikitangulia dawa, haichanganyiki na maji. Hupita kwa mapande, na mpira hurukaruka mikononi mwa aliyeushika. Geji ya maji na ya hewa zisome karibu sawa, mara nyingi kwenye bar 7 hivi. Povu la majimaji ni la kushambulia moto. Ukiongeza hewa, hukauka na kung'ang'ania ukuta wa nyumba ambayo moto haujaifikia. Nozeli hufunguliwa taratibu, maana hewa iliyobanwa hutoka kwa kishindo cha kumwangusha mtu. Petroli ina dawa yake nyingine. Na mpira wa povu ni mwepesi kupanda nao ngazi, ila hukunjika upesi kwenye kona, na ukilala juu ya makaa huungua kabla ya ule wa maji matupu.