Mgeni Mzee, Siku ya Tatu Mpe Chaki

Vakansi kubwa imefika. Madarasa yamefungwa mpaka Septemba, watoto wako nyumbani, na pale njia inapopitika wageni wameanza kuingia. Kuna babu aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi na sasa amepumzika kazi. Kuna bibi aliyekuwa mkunga kwenye kituo cha afya. Kuna mama mkwe aliyeuza maharagi sokoni hadi miguu ikakataa. Wengine wametoka Goma, Bukavu au Kisangani kuja kuona wajukuu. Wengine hawakuchagua safari: vita vimewatoa kijijini, na sasa ni wageni wa jamaa zao huku Masisi na Walikale, bila kujua siku ya kurudi.

Wakubwa walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mzee wa miaka 70 jembe halimfai tena. Basi katika nyumba nyingi siku ya tatu hupewa kimoja kati ya viwili: kiti cha kukaa uani tangu asubuhi hadi jioni, au watoto sita wa kuchunga wakati mama yuko shambani. Aliyepewa kiti huanza kujiona mzigo. Aliyepewa watoto sita huondoka amechoka kuliko alivyokuja, na mwaka unaofuata anasema njia ni mbaya.

Tena kuna jambo zito zaidi, ambalo sisi wanawake tunalijua. Mama mzee ambaye mtaa haumjui, anayekaa peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, huanza kunong'onewa. Mtoto wa jirani akipata homa, jina lake linatajwa la kwanza. Kivu yetu imezika akina mama wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi. Lakini bibi ambaye watoto wa mtaa wote wanamwita kwa jina, aliyewafundisha kusuka kikapu, ana watetezi wengi siku maneno mabaya yakianza.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi cha wamama kifungue darasa la wageni wazee katika miezi hii miwili. Waje kujifunza, na waje kufundisha.

Jambo hili si ndoto. Huko Marekani, mwaka 1975, watu wawili wa jimbo la New Hampshire, Marty Knowlton na David Bianco, waliona kwamba wakati wa likizo vyumba vya wanafunzi vinabaki vitupu, na wastaafu wako nyumbani bila kazi. Wakaomba vyuo vitano viwapokee wazee kwa masomo mafupi. Mwaka ule wa kwanza walikuja wazee 220. Wakalala kwenye vitanda vya wanafunzi, wakala chakula cha chuo, wakasoma. Mpango huo, walioupa jina Elderhostel, ukaenea nchi nzima. Sisi hatuna vyuo vya namna hiyo, lakini Julai na Agosti shule zetu nazo zina mabenchi matupu na ubao. Mahali ambapo madarasa yanalaza familia zilizokimbia vita, tusiwaondoe. Kivuli cha mti au uwanja wa kanisa unatosha.

Wengine watauliza: mzee atajifunza nini tena? Tuwakumbushe Kimani Maruge wa Kenya. Januari 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa yunifomu kama watoto. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kujua kuhesabu pesa zake. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipotokea mwanzoni mwa 2008, alipoteza mali yake akaishi katika kambi ya waliohama. Hata huko kambini hakuacha kwenda shule. Alifariki mwaka 2009, akiwa bado mwanafunzi moyoni. Wamama ambao wazee wao wamekimbia mara mbili, mara tatu, wanaelewa maana ya habari hiyo.

Na wale watakaosema hatuna walimu, watazame Tanzania. Mwaka 1973 nchi hiyo iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kisha mmoja wao anayejua kusoma akaongoza mazungumzo, na baadaye wakaenda pamoja kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Wengi wa viongozi hao walikuwa watu wa kawaida wa kijiji. Kwetu pia, msichana aliyemaliza darasa la sita anaweza kushika chaki.

Sasa upande wa pili, yale ambayo wazee wanatufundisha sisi. Mwaka 1956, hapa hapa Walikale, msimulizi wa Kinyanga aitwaye Shekarisi Rureke alisimulia habari ya Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza katikati ya watu. Mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, akahakikisha maneno yanaandikwa. Mwaka 1969 yakatoka kuwa kitabu huko Marekani, kwa majina ya Biebuyck na Kahombo Mateene. Leo wanafunzi wa vyuo vya mbali wanamsoma Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, akasaidiwa na shangazi yake Iyangura, na mwishowe akapatana na baba yake badala ya kumwua. Ni watoto wangapi wa Walikale wanaoijua habari hiyo? Rureke alipata mtu wa kuandika. Wazee wengi waliolala kaburini katika vita hivi hawakumpata, na hadithi zao zimekwenda nao.

Tunapendekeza darasa liende hivi. Majuma sita, siku mbili kwa juma, siku zisizo za soko, tangu saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri. Saa hizo wamama wengi wamerudi shambani, na wazee watafika nyumbani kabla ya giza. Kule juu Masisi waje na shuka, maana baridi ya kiangazi haina huruma. Kule Walikale tutafute paa, maana mvua ya msituni haichagui mwezi.

Juma la kwanza ni la kufahamiana na kutazama macho. Asiyeona herufi karibu huenda anahitaji miwani tu. Mwenye wingu jeupe kwenye jicho apelekwe kwa daktari; mtoto wa jicho huondolewa kwa kupasuliwa, wala dawa ya majani haiwezi kuuondoa, tena inaweza kuharibu jicho. Kila mtu aandike jina lake.

Juma la pili ni hesabu na telefone. Mzee ajue kusoma namba, kupiga mwenyewe, na kutambua ujumbe wa pesa iliyoingia. Ajue pia kwamba namba yake ya siri haambiwi mtu yeyote, hata kijana wa kioski, hata mjukuu mpenzi.

Juma la tatu ni afya. Tuombe muuguzi wa kituo cha karibu aje kupima tansio. Ikifika 14 kwa 9 mara kadhaa, mzee afuatwe. Tuwaambie pia wanywe maji hata bila kiu, kwa sababu mwili wa mzee husahau kudai maji. Na watembee kila siku. Miguu isiyotembea ndiyo inayoanguka.

Kuanzia juma la nne wanageuka walimu. Mmoja aoneshe namna ya kuchagua na kutunza mbegu za maharagi. Mwingine aoneshe kusuka kikapu au mkeka. Mwalimu aliyestaafu awasaidie watoto waliorudi nyuma katika hesabu. Bibi mkunga aongee na wasichana wetu. Juma la tano ni hadithi na methali, kila mzee katika lugha yake: Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo, Kikumu, na mmoja ageuze kwa Kiswahili. Mtoto aliyecheka pamoja na bibi wa lugha nyingine hatamwogopa kesho. Watoto wakubwa waandike kwenye daftari, au warekodi kwa telefone. Juma la sita ni kufunga: kila mzee asome jina lake mbele ya watu, na watoto wasimulie hadithi walizopewa.

Yako mambo ya kuangalia. Heshima kwanza: mkwe asimfundishe baba mkwe wake, wala mama asikalishwe kitini mbele ya mume wa binti yake kama mtoto. Tubadilishane, wewe fundisha mzee wa jirani, jirani afundishe wa kwako. Wazee wasisimamishwe ubaoni kwa nguvu, wala wasichekwe. Wale waliokimbia vita wasiulizwe habari za waliowapoteza. Wakitaka kusema, watasema.

Chakula kisiwe sababu ya kushindwa. Uji wa mtama au chai yenye maziwa inatosha, na vikundi vyenye likelemba vinaweza kutenga kiasi kidogo kila juma. Daftari moja na kalamu moja kwa kila mzee, chaki pakiti moja, hayo ndiyo matumizi yote. Kabla ya kuanza, shefu wa kijiji na mkubwa wa shule waambiwe, ili mkutano wetu usichukuliwe vingine. Siku hali ya usalama ikiwa mbaya, darasa linaahirishwa bila mjadala.

Na watoto sita? Nao waje. Wakae nyuma ya bibi zao, wacheze, wasikilize. Mama atapumua, bibi naye atapumua, kwa kuwa macho yanayowachunga yatakuwa mengi.

Wiki hii kila kiongozi wa kikundi apite nyumba kwa nyumba aandike mambo matatu: jina la mzee mgeni, kitu anachotaka kujua, na kitu anachoweza kutufundisha. Asiruke nyumba yoyote, hasa ile ambayo watu hupita mbele yake wakinong'ona. Orodha ziletwe kwenye mkutano wetu ujao, tugawane siku, ubao na zamu za uji.