Hati ya Shamba Ingali kwa Jina la Babu

Tunapotembelea vikundi huwa tunauliza: hati ya shamba mnalolima iko kwa jina la nani? Wengi hujibu, "Ni la baba." Na baba yuko wapi? "Alishafariki." Pengine si baba hata, ni babu. Mashamba mengi yaliandikishwa miaka ya 1960 na 1970 kwa jina la mzee mmoja wa boma, na jina lile halijabadilishwa.

Watu wanalima, mipaka ya mikonge inajulikana, hakuna shida. Shida huja siku ile mume anapofariki na shemeji anamwambia mjane arudi kwao. Ama ndugu mmoja anauza ekari moja kichinichini. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza shamba la marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mirathi. Aliyeuza ametenda kosa, na aliyenunua huenda akapoteza pesa zake.

Kikao cha wazee ni mwanzo mzuri, lakini ofisi ya ardhi haiwezi kubadilisha hati kwa maneno ya kikao. Anzeni kwa kufanya sachi kwenye ofisi hiyo mjue jina lililoko na kama kuna deni. Mkiwa na cheti cha kifo, chifu atawaandikia barua ya kuwataja warithi wote. Hizo ndizo mnapeleka mahakamani. Tangazo hutolewa katika Gazeti rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Baadaye mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Angalieni hapa: msimamizi hajawa mwenye shamba! Kwa kawaida husubiri miezi sita ndipo mgawanyo uthibitishwe, halafu ofisi ya ardhi itoe hati mpya. Ni safari ya kuchosha, hatuwadanganyi. (Waislamu huenda kwa Kadhi, na kuna wilaya za wafugaji ambako shamba na mifugo hufuata mila.)

Mambo mengi huharibikia kwenye ile barua ya chifu. Mabinti huachwa nje, hasa walioolewa. Mzee mmoja alituuliza kama tumekuja kuvunja mila. Tulimjibu kwamba sheria hii haitenganishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Jina likifichwa, mahakama inaweza kufuta mirathi yote hata miaka mingi ikiwa imepita, na wale waliokwisha kujenga ndio hulia. Kama binti hataki fungu, aseme mwenyewe mbele ya mahakama. Asisemewe na kaka yake.

Na mjane je? Marehemu akiacha mke mmoja na watoto, mama huyo ana haki ya kukaa na kulitumia shamba maisha yake yote. Kuliuza hawezi bila idhini ya mahakama, lakini kufukuzwa pia hawezi.

Vikundi vingi vina pesa za mzunguko za kununulia mabati na sufuria. Mwezi mmoja mngeweza kumpa mwenzenu ada ya sachi na nauli ya mahakamani. Na siku ya kwenda kwa chifu, mwende naye wawili watatu, majina yasomwe kwa sauti kabla ya muhuri kupigwa.