Baiskeli ya Mghange: Springi Mbele Tu, au Mbele na Nyuma?

Mzazi anayemnunulia kijana baiskeli ya kwendea shule huko Mghange, katika milima ya Taita, hukuta aina mbili: yenye springi mbele tu, na yenye springi mbele na nyuma. Hii ya pili huvutia macho, na penye mawe humpunguzia mwendeshaji mitikisiko. Lakini ni nzito. Katika kupanda mlima, springi ya nyuma hula sehemu ya nguvu za miguu, na viungio vyake vikilegea huhitaji fundi mwenye spea zake. Keria ya kubebea dumu la maji nayo haifungiki kwa urahisi. Sisi twachagua ya kwanza, na fedha itakayobaki inunue breki madhubuti. Kutoka Wundanyi hadi Mwatate ni mteremko wa kona baada ya kona, na springi haisimamishi baiskeli.