Bata mzinga wa Krismasi atoke kwenye friza Desemba 20

BATA mzinga ni mali ya msimu. Mfugaji humlisha miezi mitano au sita, kisha karibu wateja wote wanamtaka ndani ya wiki moja, ile ya Krismasi na Mwaka Mpya. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji huchinja mapema, wakagandisha, kisha wakauza kadiri oda zinavyoingia. Kibiashara mpango huo ni mzuri, kwa kuwa unaokoa chakula cha mifugo cha wiki za mwisho. Matatizo huanza pale mteja anapokabidhiwa ndege mgumu kama jiwe mchana wa Desemba 24.

Mteja huyo atamwacha juu ya meza ya jikoni, au atamtumbukiza kwenye karai la maji alale humo hadi asubuhi. Kukicha, nyama ya nje imekwisha kaa saa kadhaa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, ilhali tumboni bado kuna barafu. Akiingizwa kwenye oveni katika hali hiyo, kidari hukauka wakati nyama iliyo karibu na mfupa wa paja haijaiva. Wageni wakiharisha, lawama haiishii kwa mpishi. Inamrudia aliyeuza, na oda ya mwakani imekwenda.

Kugandisha hakuui bakteria wote, akiwamo Salmonella anayepatikana mara nyingi kwenye nyama ya ndege, huwalaza tu. Nyama ikipata joto kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi huamka na kuzaliana. Idara ya Kilimo ya Marekani, nchi ambako mamilioni ya bata mzinga huliwa kila Novemba katika sikukuu ya Shukrani, inashauri nyama mbichi isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na isizidi saa moja iwapo joto limepita nyuzi 32. Mchana wa Desemba katika pwani yetu hauko mbali na kiwango hicho.

Njia salama kuliko zote ni friji yenye nyuzi 4 au chini yake. Bata mzinga huwekwa rafu ya chini, ndani ya sinia lenye kina ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Kila kilo mbili hadi mbili na robo huhitaji siku nzima, hivyo wa kilo nane huchukua takriban siku nne. Akiyeyuka anaweza kukaa humo siku moja au mbili zaidi kabla ya kupikwa.

Asiye na siku nne anaweza kutumia maji baridi, ndege akiwa amefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Hesabu ni takriban saa moja kwa kila kilo, na maji hubadilishwa kila baada ya nusu saa. Kwa wa kilo nane ni kubadilisha maji mara 15 hivi. Hapa pana jambo ambalo maelekezo ya nchi za baridi hayaligusi: maji yanayotoka kwenye tangi lililo juu ya paa huku kwetu si baridi. Lazima barafu iongezwe kila maji yanapobadilishwa, na gharama yake iingizwe kwenye bei ya chakula. Ndege aliyeyeyushwa hivi apikwe mara moja.

Kabla ya kuendelea, ingiza mkono tumboni. Vipande vya barafu vikisikika, bado. Humo pia ndimo wachinjaji wengi huweka mfuko wa firigisi, ini na shingo, na wapo waliouoka pamoja na ndege.

Kisha kuna maji ya chumvi. Nyama ya bata mzinga ina mafuta kidogo na hukauka upesi. Chumvi hulegeza protini za misuli, nayo nyama hushika maji zaidi inapoiva. Gramu 60 kwa kila lita zinatosha. Ndoo yenye lita 10 itataka gramu 600, ambazo ni zaidi kidogo ya paketi ya nusu kilo. Iwe ndoo ya chakula, kama ile ya mafuta ya kupikia iliyooshwa vizuri, si ya rangi. Sufuria ya aluminiamu haifai kwani huliwa na chumvi.

Kosa kubwa ni kudhani kuwa chumvi hiyo inahifadhi nyama. Haihifadhi. Kiwango hicho ni kidogo mno kuua bakteria, kwa hiyo ndoo nayo lazima ikae kwenye friji, saa 12 hadi 24. Maji hayo hayatumiki kwa ndege wa pili. Friji ikiwa ndogo, mpake chumvi kavu, kijiko cha chai kwa kila kilo, alale nayo usiku mmoja. Lakini soma kwanza lebo: ndege wa viwandani wengi wamekwisha dungwa maji ya chumvi, na kuwaongezea ni kuharibu. Mnunuzi pia anayalipia maji hayo kwa bei ya nyama. Afrika Kusini iliweka kikomo mwaka 2016, asilimia 10 kwa kuku mzima na 15 kwa vipande.

Nyama imeiva pale kipimajoto kinaposoma nyuzi 74 kwenye sehemu nene ya paja na ya kidari. Kwa mpishi wa shughuli, kifaa hicho ni cha lazima.

Kwa muuzaji, hesabu inarudi kwenye kalenda. Siku nne za kuyeyuka na moja ya chumvi zinamaanisha ndege wa kilo nane atoke kwenye friza asubuhi ya Desemba 20. Oda zifungwe kabla ya hapo. Anayekuja Desemba 24 auziwe aliyekwisha yeyushwa kwenye friji, au aliyechinjwa asubuhi hiyo, na bei iwe juu kwa sababu kazi ya siku nne imefanywa na muuzaji. Umeme ukikatika, friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, mradi mlango usifunguliwe. Ndege ambaye bado ana chembe za barafu anaweza kugandishwa tena.