Kadi ikigoma, usikimbilie kumlaumu muuzaji

KOMPYUTA nyingi za mtumba tunazotumia hapa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, zimevuka mpaka kutoka Manyovu kuja Mugina. Zikifika nzima tunamshukuru Mungu. Ugomvi huanza siku za mbele, pale kipuri kilichonunuliwa kwa fedha ya jasho kinapogoma. Mnunuzi hudai ameuziwa kibovu. Mfanyabiashara huapa kwamba alikijaribu kikafanya kazi. Ajabu ni kwamba mara nyingi wote wawili husema kweli.

Mfano ni wa shuleni kwetu. Radi iliunguza tundu la mtandao la kompyuta kubwa inayohudumia nyingine 11. Kamati ya wazazi ikachanga, ikamtuma mama mmoja wa biashara ya mpakani alete kadi ya mtandao kutoka Kigoma. Kadi ikachomekwa, kompyuta ikawashwa, isiitambue. Hata taa yake ndogo haikuwaka. Wajumbe wakataka fedha irudi siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, nikiirudisha kule watasema nimeiunguza mwenyewe," mama yule aliniambia. "Na nauli ya kwenda na kurudi imeshakula faida yangu yote."

Niliwaomba wajumbe saa moja tu.

Ndani ya kompyuta kuna bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi. Juu yake kuna sehemu ndefu na fupi za kuchomekea kadi, ndizo sloti. Kila sloti ina njia zake za mawasiliano. Moja inaweza kufa na jirani yake ikabaki nzima. Kwa hiyo kadi iliyogoma katika sloti moja bado haijapatikana na hatia.

Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, kisha tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Niligusa chuma cha kasha kuondoa umemetuli mwilini. Kwanza tuliikandamiza kadi ikae sawasawa, maana isiyofika chini huwasumbua watu wengi. Nikasugua meno yake kwa raba safi ya penseli, nikapangusa unga wote. Bado. Tukaihamishia sloti ya pili: taa ikawaka, kompyuta ikaitambua.

Wengi huishia hapo, lakini ushahidi ulikuwa nusu. Tulichukua kadi ya sauti iliyokuwa ikifanya kazi katika kompyuta nyingine, tukaichomeka katika sloti ya kwanza. Nayo ikagoma. Tukairudisha kwake, ikafanya kazi kama kawaida. Kanuni ni hii: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilichosaidia.

Tochi ilimaliza ubishi. Katika sloti ile fupi yenye vipini 36, kimoja kilikuwa kimelala. Tuliiziba kwa karatasi iliyoandikwa MBOVU, na mama akalipwa chake mbele ya wajumbe wote.

Si kila sloti inayogoma imekufa, ndugu msomaji. Huenda imezimwa katika mipangilio ya bayosi, ile inayofunguka kabla Windows haijaanza. Katika baadhi ya bodi za miaka ya karibuni, sloti huchangia njia na diski ndogo ya M.2, ukiweka diski, sloti inazimika. Mashine za ofisini zenye nafasi ya prosesa mbili zinaweza kuwa na sloti zisizofanya kazi mpaka prosesa ya pili iwepo. Na kompyuta ikiiona kadi lakini ikashindwa kuitumia, anza na draiva kabla ya kushika bisibisi.

Tena, aina hazilingani. Sloti za PCI za mwaka 1992 hazipokei kadi za PCI Express zilizokuja mwaka 2003. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Kadi fupi ya PCI Express, hata hivyo, inaweza kukaa katika sloti ndefu ya aina hiyo hiyo na ikafanya kazi.

Sisi tuliosomea Katumba, Tanzania, tunalielewa jambo hili kuliko wengine. Niliporejea mwaka 2009 niliwaona watoto waliokuwa wakiongoza darasa kwa Kiswahili wakiketishwa mbele ya ubao wa Kifaransa na kuitwa wazito. Waliopewa nafasi ya kujieleza kwa lugha waliyoijua walionyesha kwamba hesabu zilikuwemo kichwani siku zote.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, ushauri wangu ni mfupi. Kadi ijaribiwe kabla hujalipa, ikiwezekana katika sloti mbili, muuzaji akishuhudia. Namba yake iandikwe kwenye risiti. Isafirishwe katika mfuko wake maalumu wa kuzuia umemetuli, si kwenye rambo pamoja na sabuni. Mteja akilalamika, mwombe aijaribu katika sloti nyingine au kompyuta nyingine kabla hamjapandishiana sauti. Jaribio hilo halizidi nusu saa, na nauli ya Kigoma inabaki mfukoni.